Mbu Hafuati Taa, Anakufuata Wewe

Msikilizaji wangu wa Ifakara, jioni hii nina neno kuhusu kitu ambacho siku hizi kinaning'inia kwenye maduka ya vifaa vya umeme: ile taa ya zambarau iliyozungushiwa nyaya, ambayo mdudu akiigusa tu unasikia "pa!" kisha harufu ya kuungua inakujia puani. Watu wanaiita taa ya mbu. Ina ndugu yake, raketi, inayochajiwa ukutani na kuchezwa hewani sebuleni kila jua likizama.

Mteja akifika dukani ana swali moja: inaua? Muuzaji wala hahangaiki kujibu. Anachomeka, anapitisha bisibisi kwenye nyaya, cheche inaruka, mteja anaingiza mkono mfukoni. Na muuzaji hakudanganya, kitu kinaua kweli. Lakini kuna swali la pili ambalo mteja huondoka bila kuliuliza, nalo ndilo la kuamua kama pesa yake imekwenda mahali pake. Inaua nani?

Tuanze na namna kinavyofanya kazi. Taa iliyo katikati inatoa mwanga wa zambarau pamoja na mionzi ya urujuanimno, ambayo sisi hatuioni ila wadudu wengi wanaiona vizuri sana. Kuizunguka kuna nyaya zilizokaribiana bila kugusana, zenye umeme wa volti elfu mbili na zaidi. Mdudu akipita katikati, mwili wake ndio unaounganisha waya na waya. Umeme unapita ndani yake, na habari yake imeisha. Mkondo wenyewe ni mdogo, ndiyo maana mtu mzima akigusa kwa bahati mbaya anashtuka na kutukana badala ya kuanguka. Kwa hiyo taa hii ina kazi mbili: nyaya zinaua, mwanga unaita. Kazi ya kuua inafanyika bila shaka yoyote. Mgogoro wetu leo uko kwenye kuita.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi tunavyodhani. Toleo la Oktoba 1911 la jarida la Kimarekani, Popular Mechanics, lilionyesha mtego wa nzi uliobuniwa na wanaume wawili wa mji wa Denver. Ulikuwa na balbu tano, nyaya zenye volti 450, na ndani yake mtumiaji alitakiwa kuweka nyama. Jarida lenyewe lilikiri kuwa mtego ule ni ghali mno kwa matumizi ya kawaida. Sikiliza hapo kwenye nyama, msikilizaji. Balbu zilikuwapo, tena tano, na bado wale mabwana waliona nzi apewe sababu ya kuja. Miaka ikapita, bei ikashuka, raketi nayo ikapata hataza mwaka 1996 kwa mvumbuzi wa Taiwan, nyama ikasahaulika. Tukabaki na taa tu, tukaambiwa inatosha.

Inatosha kwa nani? Kiangazi cha mwaka 1994, huko Delaware nchini Marekani, watafiti wawili, Frick na Tallamy, walikusanya wadudu waliouawa na taa hizi kwenye makazi ya watu, wakawatenga na kuwahesabu mmoja mmoja. Wadudu 13,789. Kati yao, wanaouma watu, mbu wakiwamo, walikuwa 31. Narudia kwa aliyekuwa anageuza ugali jikoni: thelathini na mmoja, katika elfu kumi na tatu mia saba themanini na tisa. Ni kama wawili katika kila elfu moja. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa wadudu wa majini wasio na ubaya na mtu yeyote. Na 1,868 walikuwa wadudu wanaowala wadudu wengine au kutagia ndani yao, yaani askari wetu wenyewe tuliowapiga umeme. Kabla ya hapo, mwaka 1983, wachunguzi wa South Bend, jimbo la Indiana, walikuwa wamepima jambo la moja kwa moja zaidi: ukiweka taa hii uani, je, unaumwa na mbu kidogo kuliko usipoiweka? Wakakuta haikupunguza.

Najua utaniambia Marekani si Ifakara. Kweli, si Ifakara. Huku kwetu mambo ni makubwa zaidi. Bonde hili la Kilombero ni ardhi oevu iliyoandikishwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002, karibu kilomita za mraba elfu nane za mto, vijito, mabwawa na majaruba ya mpunga. Washa taa Machi au Aprili, maji yakiwa yamejaa, uone kinachokuja: nondo wa kila rangi, mende wa maji, panzi, na mawingu ya vijidudu vyembamba vyenye miguu mirefu ambavyo ukivitazama harakaharaka utaapa ni mbu. Si mbu. Vingi havina ule mdomo mrefu wa kunyonyea damu. Ni jamaa wa wale wanaofuka juu ya Ziwa Nyasa kama moshi, ambao watu wa huko huwakamata na kuwakandia mikate. Hawaumi mtu. Lakini wakiingia kwenye nyaya wanalia "pa! pa! pa!" usiku kucha, na mwenye nyumba ndani anatabasamu akidhani adui anateketea.

Hapo ndipo sauti inapotudanganya. Wahenga walisema mwenye kelele hana neno, na hapa wamepatia kabisa. Mdudu mkubwa anapasuka kwa kishindo, na nondo mmoja mnene anasikika mpaka kwa jirani. Mbu ni mwepesi, akifa hata hujui. Kwa hiyo kadiri taa inavyopiga kelele, ndivyo inavyoelekea kuwa inaua wasiohusika.

Simaanishi kwamba mwanga hauvuti wadudu. Unavuta, tena sana, wale wanaoupenda. Mvua za kwanza zikigonga ardhi, kumbikumbi wanamiminika kwenye balbu, na watoto wanaweka beseni la maji chini. Kule Kagera, na kule Masaka nchini Uganda, msimu wa senene watu wanasimamisha taa kali na mabati, wakipambazukiwa wana magunia ya kuuza. Hao ni watu wenye akili ya mitego: wanamjua wanayemtaka, wanajua anachofuata, wanampa hicho hicho. Sisi tunataka mbu, halafu tunamwekea karamu ya nondo.

Sasa mbu anafuata nini?

Anayeuma ni jike peke yake, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Dume hunywa maji matamu ya mimea. Jike huyo anaposaka damu anaongozwa na pua kuliko macho. Hewa ya ukaa unayoitoa kila unapopumua ndiyo inayomwambia kwamba upande fulani kuna kiumbe hai. Anapokaribia, harufu ya ngozi inamwambia kiumbe huyo ni mtu au ng'ombe. Akikaribia zaidi, joto la mwili linamwonyesha mahali pa kutua, na mtu aliyekaa mara nyingi anaumwa chini kwenye miguu na vifundo. Ndani ya chumba chenye taa ya zambarau ukutani na watoto watatu kitandani, jike wa malaria hana haja ya kujiuliza aende wapi. Taa haipumui.

Tena nikupe siri ya wataalamu. Katika vijiji vyetu watafiti hutumia mtego wenye balbu ndogo na feni, unaotundikwa ndani ya nyumba usiku kunasa mbu. Ukiusikia unaitwa mtego wa taa unaweza kuhitimisha kwamba basi mbu wanapenda taa. Lakini uliza unatundikwa wapi. Unatundikwa miguuni pa kitanda, na kitandani amelala mtu ndani ya chandarua. Mbu anamjia mtu, chandarua kinamzuia, anazungukazunguka akitafuta upenyo, feni inamvuta ndani. Mtu ndiye chambo. Mwondoe mtu kitandani, uone balbu itakavyobaki na upweke wake.

Hii si elimu ya kuagizwa kutoka mbali. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifungua hapa Ifakara maabara ndogo ya utafiti, na maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijijini Namawala, vipimo vilionyesha kuwa mtu mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Piga hesabu: ni karibu kila usiku unaolala. Bonde letu lilikuwa miongoni mwa mahali ambapo watu waliumwa kuliko kwingi duniani, na kwa sababu hiyo vijana wetu wengi wamejifunza mbu kuliko wanavyojua mpira.

Na vijana hao, pamoja na walimu na wenzao wa nje, walikuja kuutumia umeme huu huu wa nyaya. Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha.

Kwa miaka mingi, ili kujua ni mbu wangapi wanaouma watu, saa ngapi, ndani au nje, kulikuwa na njia moja iliyoaminiwa kuliko zote. Mtu anayejitolea anakaa usiku, amekunja suruali hadi magotini, ana tochi na mrija. Mbu akitua mguuni, kabla hajachoma, anamvuta kwa mrija na kumtia kikombeni. Saa baada ya saa hadi alfajiri. Wanaofanya kazi hiyo hupewa dawa ya kuwakinga na malaria, lakini mbu habebi malaria tu, na kumtegesha binadamu kwa mbu ni jambo lililowakera watafiti wenyewe. Isitoshe, kila mtu ana wepesi wake wa mkono: mmoja hakosi, mwingine anasinzia saa nane.

Mwaka 2015 Deodatus Maliti, Nicodem Govella na wenzao walichapisha jibu lao: mtego wa umeme. Unakaa kitini, miguu yako inaingia katikati ya kisanduku ambacho kuta zake ni nyaya zenye umeme, na sehemu nyingine ya mwili inakingwa. Harufu ya miguu inatoka kati ya nyaya bila kizuizi. Mbu anakuja kama kawaida yake, anashuka kutua, na hatua moja kabla ya ngozi anakutana na waya. Mtu haumwi, mbu anahesabiwa. Mwaka 2016 Govella na wenzake wakatoa mtego ulioboreshwa, wakaeleza kuwa unaweza kuonyesha tabia za uumaji wa mbu kama ile njia ya kukunja suruali, bila hatari yake.

Tazama vizuri walichofanya. Nyaya ni zile zile, na umeme unaua kwa njia ile ile. Walichokifanya ni kuitupa taa ya zambarau na kuweka mguu wa mtu mahali pake. Chambo kilipobadilika, mtego uliokuwa ukiua nondo ukawa unanasa mbu wa malaria kwa usahihi wa kuandikia ripoti ya kisayansi.

Mwenzao Nancy Matowo alitaka mguu wenyewe nao upumzike. Mwaka 2013 yeye na wenzake walieleza kisanduku cha mbao kinachowekwa nje ya nyumba, kinachopuliza harufu ya kutengenezwa kwa nguvu ya jua, ili mbu wanaouma nje watue pale wakidhani wamepata mtu. Mwaka 2016 wakakiongezea nyaya za umeme za gharama ndogo. Hiyo harufu ya kutengenezwa nayo ina historia yake hapa hapa bondeni. Fredros Okumu na wenzake walichanganya vitu vinavyopatikana kwenye jasho la binadamu, kama amonia na asidi ya laktiki, pamoja na hewa ya ukaa, na mwaka 2010 wakachapisha kwamba mchanganyiko ule uliwavuta mbu kuliko mtu halisi, vikiwekwa katika vibanda tofauti. Mwaka uliofuata dunia nzima ikacheka na kustaajabu iliposikia kuwa huko Ifakara wanatega mbu kwa harufu ya soksi chafu. Wacheke. Soksi iliyovaliwa wiki nzima inamjua mbu kuliko taa ya dukani.

Na kwamba chambo sahihi kinaweza kuokoa watu, ushahidi upo kwa majirani. Katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Viktoria upande wa Kenya, nyumba zilifungiwa mitego yenye harufu ya binadamu inayoendeshwa kwa sola. Mitego ile haikuwa na nyaya za kuua, ilikuwa na feni ya kunyonya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa maambukizi ya malaria yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30 katika nyumba zenye mitego, na mbu aina ya Anopheles funestus walipungua kwa karibu asilimia 70. Mbu huyo funestus tunamjua. Leo katika bonde la Kilombero si wengi kama wengine, lakini ndiye anayesambaza sehemu kubwa kabisa ya malaria iliyobaki.

Sasa utaniuliza: basi mbona sikioni kisanduku hicho dukani pale sokoni? Kwa sababu harufu inaisha nguvu na lazima ibadilishwe. Hewa ya ukaa lazima itoke mahali, na wakati mwingine hutengenezwa kwa kuchachusha molasi au sukari kwa hamira, kazi ya kila jioni. Betri inataka kuchajiwa, nyaya zinataka kusafishwa. Mtafiti ana vijana wa kufanya hayo. Mama mwenye watoto, jaruba na genge hana. Ule mtego wa miguu nao ulitengenezwa kuhesabu mbu, haukutengenezwa kulinda kaya. Kwa hiyo duka litaendelea kukuuzia taa ya zambarau, kwa kuwa ndiyo rahisi kutengeneza na rahisi kuuza.

Je, nasema uitupe uliyokwisha kununua? Hapana. Kila kitu kina mahali pake, na taa hii mahali pake ni kwa nzi. Nzi wa nyumbani anavutwa na mwanga ule. Mwenye bucha, mwenye mgahawa, mwenye duka la samaki wabichi kutoka mtoni anaweza kuifurahia, ila asiitundike juu ya nyama wala meza ya chakula. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Urban na Broce, walionyesha kuwa nzi anapopasuka kwenye nyaya, vijidudu vya maradhi vilivyokuwa juu na ndani yake vinatawanyika hewani. Iweke pembeni, mbali na chakula, na isitazame mlangoni ikaita wa nje waingie. Trei yake imwagwe na kuoshwa, la sivyo utafuga sisimizi.

Raketi nayo ina heshima yake, na sababu utaishika mara moja. Ukiwa na raketi mkononi, chambo ni nani? Ni wewe. Mbu amekuja kwa ajili yako, wewe unamsubiri kwa waya. Ni ule mtego wa Ifakara kwa namna ya kienyeji. Inafaa sana dakika zile kabla ya kulala: umeshusha chandarua, umechomeka, humo ndani umebaki mbu mmoja mwenye hila. Mpige. Na jambo jingine la kuipa sifa: mbu wa bonde hili wamekuwa sugu kwa dawa nyingi za jamii ya pareto ya viwandani, lakini hawajazaliwa mbu sugu kwa volti elfu mbili. Kasoro yake ni kwamba ukisinzia, raketi nayo imesinzia. Na funestus anapenda kufanya kazi yake usiku wa manane na kuelekea alfajiri.

Katika mazoea yetu ya nyumbani kuna hatari mbili nataka uzikumbuke. Usipulize dawa ya kopo halafu ukapunga raketi humo humo. Gesi inayosukuma dawa ndani ya makopo mengi inashika moto, na cheche unayo mkononi. Pili, raketi ikiwa imechomekwa ukutani inachaji, isishikwe nyaya wala kubonyezwa, hasa na mtoto, kwa sababu zile za bei rahisi hazina uhakika wa kutenganisha umeme wa ukutani na nyaya za mbele. Hata ukiichomoa, chaji inaweza kubaki kwenye nyaya kwa muda. Isiachwe kitandani.

Sasa tufike kwenye pesa, maana mwishowe ndiyo hoja. Aliye na pesa ya taa moja aanzie wapi?

Aanze kitandani. Bonde hili lina historia ya kujivunia kuhusu vyandarua. Mwaka 1997 ulianza hapa Kilombero na Ulanga mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei ambayo mkulima anaiweza, na watu wazima watakumbuka jina lililoandikwa kwenye pakiti: Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa uhai wa watoto kati ya mwezi mmoja na miaka minne uliongezeka kwa asilimia 27 kwa waliolala ndani ya vyandarua hivyo. Usugu ulipokuja, vyandarua navyo vikabadilishwa: huko Misungwi, mkoani Mwanza, jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kuwa chandarua chenye dawa mbili, mojawapo ikiwa klofenapiri, kilipunguza malaria ya watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, kikilinganishwa na kile cha kawaida. Tena chandarua, ukikifikiria vizuri, kinafuata kanuni ile ile ya chambo. Mbu anakufuata wewe, anaikuta dawa njiani. Kinafanya kazi ukiwa umelala, hakili LUKU, wala hakitegemei umeme uwepo.

Kisha atazame juu, pale ukuta unapokutana na paa. Ile nafasi iliyo wazi chini ya bati ndiyo lango kuu la mbu wa malaria. Izibwe, au iwekwe wavu. Madirisha nayo yawekewe wavu. Fundi wa mtaani anaiweza kazi hiyo kwa siku moja, na wavu ukifungwa vizuri unakaa miaka. Wavu pia unamzuia yule mwingine anayepiga kelele sikioni, mbu wa vyoo na mitaro. Hana malaria, ila anatunyima usingizi na kutufanya tukanunue taa. Dawa yake ni kufunika shimo la choo na kuzibua mtaro.

Na mwenzangu wa mpunga? Msimu ukifika, familia nyingi zinahamia shambani miezi kadhaa, kwenye vibanda vya nyasi na madungu yasiyo na kuta za maana. Kidatu na Kihansi, pembezoni mwa bonde hili, maji yanazalisha umeme unaowasha miji ya mbali, lakini kwenye dungu hakuna soketi ya kuchomeka taa ya zambarau. Huko chandarua ndicho ngao ya kwanza: kibebwe pamoja na jembe na sufuria, kisibaki nyumbani kikilinda kitanda kitupu. Na jioni ile ya kupika nje na kupiga soga, kabla ya kulala, hapo bado tuna pengo, nami sitakuficha. Taasisi yetu imejaribu viti, malapa na tepe za mkonge zilizotiwa dawa ya kufukuza mbu bila moto wala umeme. Ndiko ambako ningependa kuona akili na fedha zikielekezwa, kuliko kwenye kontena jingine la taa.

Msikilizaji, sikukatazi kununua. Ninakupa kazi ndogo ya kuifanya mwenyewe. Kama taa unayo, isafishe trei leo, iwashe, kesho asubuhi mwaga kilichomo kwenye karatasi nyeupe. Tenga nondo upande mmoja, mende na mbawakawa upande mwingine. Waliobaki, wenye miguu mirefu, watazame mdomo: wenye mdomo mrefu uliosimama mbele kama sindano ndio mbu, wasio nao waache. Kisha kati ya mbu hao angalia pembe za kichwani. Zenye manyoya mengi ni dume, huyo hajamuuma mtu tangu azaliwe. Zenye manyoya machache ni jike, huyo ndiye uliyemnunulia taa. Mhesabu.

Ukipata majike wengi kuliko nondo, njoo nao hapa studioni kwenye bahasha, nitakuomba radhi hewani mbele ya bonde zima. Usipowapata, fundi wa wavu yuko mtaani kwako. Mwite.